Riviu: Dar–Mwanza kwa ndege, kabla hujalipa angalia unapewa ndege gani

Swali ambalo kila mtu anaulizaga ni moja, Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni muda gani? Ukiingia Google au kwenye zile tovuti za kupima umbali unajibiwa kilometa 850 hivi, saa moja na nusu au pungufu kidogo, basi mtu anaichukua ile saa moja na nusu anapangia mkutano, anamwambia shemeji aje kumpokea saa fulani, anaahidi watu huku na huku. Mi Mwanza naenda sana, kazi inanipeleka na ukweni pia ni huko huko Nyegezi, na nawaambieni kilometa zile ni za kweli kabisa ila ule muda ni wa ndege ya jeti, na jeti sio kila siku unapewa.

Kwanza huo umbali wenyewe maana watu wanauchukulia poa. Kilometa 850 ni mstari ulionyooka wa angani kutoka pale Kipawa mpaka Ilemela, kwa barabara inakuwa kama 1,150 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Sasa linganisha: Dar–Nairobi kwa angani ni kama 665 tu, na Dar mpaka Moroni kule Komoro ni kama 680, yaani unavuka bahari unaingia nchi ya watu na bado ni karibu kuliko kwenda Mwanza ndani ya nchi yako mwenyewe bila hata pasipoti. Halafu ukiwa Mwanza ukigeukia upande wa pili, Entebbe ni kama 280, Kigali kama 315, Nairobi kama 460, zote ziko karibu kuliko Dar. Nina rafiki yangu ana duka la nguo Makoroboi hapo Mwanza, ukimtajia Kariakoo anakuuliza ya nini wakati Kampala ipo hapo.

Zile tovuti zinavyopiga hesabu sio uchawi. Zinachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, zinapima njia fupi juu ya mviringo wa dunia, hapo ziko sawa, halafu zinagawanya kwa spidi moja ya kukadiria, nyingi zinaweka kilometa 800 kwa saa au zaidi kidogo, zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua, imetoka hiyo. 850 gawa kwa 800 ni saa moja na dakika nne, weka nusu saa, saa moja na dakika 34. Hesabu hiyo hiyo moja wanaitumia London–New York na wanaitumia Dar–Mwanza, haijui kwamba huku kwetu kuna ndege ya kukimbia 830 na kuna ya kukimbia 510 na zote zinaenda sehemu moja na kwa macho ya mnunuzi tiketi zinafanana. Ya London na New York angalau wana shida yao ya upepo, kule juu kuna upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki kwahiyo kwenda Marekani kunachukua karibu saa nzima zaidi ya kurudi. Huku kwetu karibu na ikweta hiyo hamna, kwenda na kurudi havipishani kihivyo. Shida yetu sisi ni chombo.

Sasa vyombo vyenyewe. Kwa Air Tanzania kuna Airbus A220-300, hii ndo jeti, siti 132, na kuna ile Dash 8 Q400 ambayo wabongo wote tunaiita Bombadia tangu zile za kwanza zilivyokuja Septemba 2016 na watu wakaanza kubishana mitandaoni eti serikali imenunua pangaboi, wengine wakazitetea mpaka mishipa ikawatoka. Siti 76. Precision Air wao wana ATR, 72 na 42, nazo ni za mapanga vilevile. Siku nyingine kwenye njia kubwa za ndani inaweza ikaja hata Boeing 737 lakini usiitegemee. A220 inatembea kama 830 kwa saa ikishakaa sawa juu, Bombadia inafika kama 660, ATR ni 500 na ushee. Ndo hapo hesabu inapogawanyika: jeti ni saa 1 na dakika 25 au 30 kwenye ratiba na angani kabisa unakaa saa 1 na robo hivi, Bombadia jiandae karibu masaa mawili, ATR masaa mawili na zaidi. Tofauti ya jeti na ATR inakaribia saa nzima, kwa safari fupi kama hii saa nzima ni nyingi jamani.

Na huo muda wa kwenye tiketi ujue unahesabiwaje, hauanzi ndege inapoacha ardhi, unaanza inapotoka kwenye maegesho Dar na unaisha inapoegesha Mwanza, kwahiyo humo ndani kuna kutambaa mpaka kwenye njia ya kurukia, kusubiri mwenzenu atue, kuzunguka kidogo ili mshuke kwa upande ambao upepo unataka. Kampuni zinaweka na dakika za akiba humo humo. Ndo maana mnaweza kuchelewa kuondoka dakika kumi na tano na bado mkafika kwa wakati, watu wanampigia rubani makofi kumbe ni ratiba tu imepangwa kijanja.

Namna ya kujua unapewa ndege gani kabla hujalipa. Ukiwa unanunua mtandaoni fungua sehemu ya maelezo ya safari, utaona alama ndogo ya aina ya ndege imeandikwa karibu na namba ya safari. Ikiandikwa 223 hiyo ni A220, DH4 ni Bombadia, AT7 ni ATR 72. Kama hawajaandika nenda Flightradar24 andika ile namba ya safari, itakuletea siku zilizopita ilirushwa na ndege gani na iliondoka na kufika saa ngapi kwelikweli, sio saa ngapi ya kwenye karatasi. Kule wanatumia alama nyingine, BCS3 ndo A220, DH8D ni Bombadia, AT75 au AT76 ni ATR. Hii ndo tovuti ninayoipa nyota tano mimi, zile za kupima umbali nazipa mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya kilometa. Ila pia jua kampuni inaweza kubadilisha ndege asubuhi ile ile, hakuna mtu atakupigia simu kukuomba ruhusa. Hizi A220 zenyewe injini zake za Pratt & Whitney zimesumbua mashirika mengi duniani, zikawa zinashushwa kabla ya muda wake na foleni ya karakana ni ndefu, hata Air Tanzania mwishoni mwa 2022 walizipaki kwa sababu hiyo, kwahiyo ukiona wiki hii jeti na wiki ijayo pangaboi usishangae.

Haya, ndani kunakuwaje. Nianze na mapanga maana ndo watu wanayaogopa bure. ATR unapandia mlango wa nyuma, mizigo iko mbele kati ya abiria na marubani, kwahiyo wale wanaokimbilia siti namba moja wakijiona wajanja ndo wanashuka mwisho. Siti ni mbili mbili kwahiyo hamna habari ya kubanwa katikati. Lile begi la magurudumu ambalo kwenye jeti linaingia juu bila shida, kwenye ATR haliingii, unavuliwa pale pale chini ya ngazi linawekwa na mizigo mingine, kwahiyo laptopu na dawa na chaji toa mapema usije ukaanza kupekua begi uwanjani jua linawaka na watu sabini wako nyuma yako wanasonya. Kelele zipo, na hasa usikae usawa wa mapanga yenyewe, pale ukuta unatetemeka unausikia mpaka kwenye meno, nenda nyuma. Lakini pangaboi ina utamu wake. Mabawa yako juu ya dirisha, halafu haipandi sana, mwisho wake ni futi elfu 25 hivi wakati A220 inaweza kwenda mpaka elfu 41, kwahiyo kama hakuna mawingu unaiona nchi yote, unaona milima ya Uluguru, unaona zile nyika za katikati zilivyokauka, mabwawa, vijiji, barabara nyekundu zinakatiza kama mtu amechora kwa rula. Masika sasa hiyo faida inageuka, maana mawingu ambayo jeti inayapita juu nyie mnapita humo humo katikati. Mama mmoja nilikaa naye alikuwa ameshika mkono wa kiti na rozari kwa pamoja kuanzia Dodoma mpaka Shinyanga, muhudumu akamletea maji akasema niachie tu mwanangu siwezi kumeza kitu. Tulitua salama kabisa, akaniambia kurudi atapanda basi.

Kwa muda natoa nyota tatu, kwa dirisha natoa tano.

Jeti yenyewe ni A220 basi hata ukiwa mrefu unakaa vizuri. Siti kushoto ni mbili na kulia ni tatu, chagua kushoto, herufi A, na sio kwa sababu ya kubanwa tu. Kutoka Dar unaelekea kaskazini magharibi kwahiyo kwenye ile safari ya jioni jua linakuwa upande wako wa kushoto mbele kidogo, na hapa kuna kitu kitamu: Dar na Mwanza saa yetu ni moja lakini Mwanza iko mbali sana magharibi, jua linazama kule kama dakika 25 baada ya Dar. Ukiongeza na kwamba ndege inalifukuza, unaruka Dar unaona kabisa hili linazama sasa hivi, unakunywa juisi yako, unaangalia, bado lipo, wekundu umekaa pale pale. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu. Halafu mnaanza kushuka, na kushuka kwenyewe ni kufupi kuliko unavyotarajia kwa sababu uwanja wa Mwanza uko juu, kama mita 1,147 toka usawa wa bahari, wakati Dar mmeruka karibu na sifuri. Ghafla ziwa hilo hapo, mawe yale makubwa yamekaliana, nyumba zimepachikwa katikati ya mawe, na hewa ukifungua mlango sio ile ya Dar ya kukubandika shati mgongoni. Hii nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa vitafunwa.

Kitu ambacho kinaua kabisa hiyo saa moja na nusu ni safari za kuunganisha. Kuna tiketi inakwenda Dar–Kilimanjaro–Mwanza au inapitia Dodoma na bei yake inavutia. Ukiangalia kwa kilometa unasema mbona si mbali, Dar mpaka KIA ni kama 450, KIA mpaka Mwanza kama 470, jumla 920, umeongeza kilometa 70 tu. Kupitia Dodoma ndo kabisa, jumla ni kama 905. Lakini hizo kilometa sabini unazilipia kwa saa nzima mpaka mbili maana kushuka kunakula muda, kushusha watu, kupakia watu, kujaza mafuta, kupanda tena, na pangaboi ndo zinapenda hizi njia. Kwa hiyo ukisoma kwenye tiketi masaa matatu na nusu usifikiri wamekosea, tafuta neno kituo kimoja. Kama huna haraka na unataka kuona mlima Kilimanjaro kwa bei ya Mwanza, hiyo ni nyingine, mi nishawahi kuichukua kwa makusudi na mlima siku hiyo ukawa umejifunika shuka.

Sasa muda wa mlango kwa mlango, huu ndo wa ukweli na hakuna tovuti inayokuhesabia. Wewe unakaa Tegeta au Mbezi, ndege ni saa 4 asubuhi, lazima uwe uwanjani saa 2 na kaunta zinafungwa kabla ya safari, kampuni nyingine dakika 40 nyingine 45, wakifunga wamefunga hata ulie. Kwahiyo kutoka nyumbani ni saa 12 na nusu maana foleni ya Nyerere Road haina adabu, pamoja na ile flaiova ya Tazara. Angalia na tiketi imeandika tamino namba ngapi, 2 na 3 haziko mlango mmoja na mtu wa Bolt atakushusha popote atakapoona. Unaruka saa 4, unatua saa 5 na nusu, mzigo dakika 20, uwanja wa Mwanza uko nje ya mji kama kilometa kumi hivi, teksi au daladala, ukifika mjini ni saa 6 na nusu na ukiwa unaenda Nyegezi au Buhongwa ongeza hapo. Jumla masaa sita. Kati ya hayo sita angani umekaa saa moja na robo! Hata jeti ikiongezewa spidi mara mbili hutaokoa hata saa nzima.

Lakini weka pembeni ya basi sasa. Spidi ya basi kisheria ni 80, kilometa 1,150 hata usisimame popote ni masaa 14 na zaidi, na basi linasimama, mizani, chakula Singida, kushusha, trafiki, unafika umevimba miguu. Treni ya SGR tangu 2024 imetuokoa mpaka Dodoma, chini ya masaa manne unakuwa umefika, na kwa safari ya Dodoma kusema ukweli ndege imepoteza maana kwa mtu wa kawaida, kilometa 390 za angani, ukijumlisha na kwenda uwanjani mnafika karibu sawa. Mwanza bado, reli yenyewe haijafika, ukishuka Dodoma unabakiwa na kama kilometa 700 za basi. Kwahiyo kwa Mwanza ndege bado haina mpinzani kwa muda, kwa hela ndo tatizo.

Kwenye hela wakongwe mnakumbuka Fastjet ilipoanza Novemba 2012 na njia zake za kwanza ni hii ya Mwanza na ya Kilimanjaro, tangazo lilikuwa elfu 32 kabla ya kodi, watu ambao hawajawahi kupanda ndege maisha yao walipanda na ndoo. Siku hizi sahau. Nauli ya ndege ni basi mara tatu au nne, na juu yake kuna kodi na tozo ya uwanja, ukinunua dakika za mwisho wiki ya Krismasi utalia. Nunua mapema, siku za katikati ya wiki, na sio Ijumaa jioni wala Jumapili.

Malalamiko yangu makubwa ni kuchelewa, na kampuni siitaji. Nilikuwa na safari ya saa 1 usiku, meseji ya kusogezwa mbele masaa mawili ikaingia nikiwa nimeshapita mashine ya ukaguzi, mkanda bado nimeushika mkononi. Ukiuliza kaunta unaambiwa sababu za kiutendaji. Kiutendaji ndo nini? Ndege imechelewa kurudi kutoka ilikokuwa, semeni hivyo, tunaelewa, ndege moja inazunguka mikoa mitatu minne kwa siku na ikichelewa asubuhi jioni nyote mmeliwa. Tangu siku hiyo kama kuna kitu cha maana Mwanza nachukua ile ya kwanza ya asubuhi, ndege imelala Dar, haina pa kuchelewea. Na saa za kwenye tiketi ni za kizungu, 06:00 ni saa 12 alfajiri na 19:00 ni saa 1 usiku, kama unamkatia tiketi mzee wa kijijini mwandikie kwa kalamu pembeni.

Kurudi sasa, kwa wale wa samaki. Kilo 23 ndo kawaida ya wengi na mkononi 7, na pale Mwanza mizani inafanya kazi kweli. Kila safari kuna mtu ana deli limefungwa salotepu pande zote, sato, sangara, na mfuko wa dagaa pembeni, na kila safari kuna mabishano. Juzi kati dada mmoja kapima 27, akafungua deli pale pale kwenye kaunta, akatoa sangara mmoja mkubwa kama mkono wangu kwenye nailoni, akaangalia foleni nzima akauliza, nani ana nafasi? Kijana wa nyuma akampa kilo zake, wakaandikiana namba za simu. Barafu isiwe ya maji, igandishe samaki mwenyewe usiku mzima, maana deli likivuja wanalikataa kabisa, na pima nyumbani kabla hujaita bajaji.